Misalaba Mitatu ya Rembrandt: mi nasimama na ile yenye giza

Watu wakisikia Rembrandt, yule mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, wanawaza zile picha kubwa za rangi ya mafuta, ila kwangu kazi yake nzito kuliko zote ni chapa ya wino mweusi, Misalaba Mitatu, ya mwaka 1653, inayoonyesha Yesu akisulubiwa kati ya wahalifu wawili, upana wake haufiki hata nusu mita. Na hatua yake ya nne (kila msanii akibadilisha bamba na kuchapa upya, hiyo inaitwa hatua), ile yenye giza ambayo wengi wanaipita haraka, ndo bora.

Iko hivi. Karibu kazi yote kaichora kwa kukwaruza bamba la shaba moja kwa moja na sindano, bila ile asidi inayokula shaba. Sindano ikipita inanyanyua ukingo mwembamba wa shaba pembeni ya mstari, ule ukingo ndo unashika wino, ndo maana mistari inatoka minene na laini kama mahameli. Shida ni kwamba kila karatasi ikibanwa kwenye mashine ukingo unazidi kulala, nakala chache tu mistari ishaanza kufifia.

Hatua za mwanzo mwanga unashuka toka juu mpaka kwa Yesu, pale chini akida kapiga magoti mikono kaifungua, mbele kabisa watu wawili wanaondoka zao. Kila mtu unamuona. Nzuri sana, sibishi.

Sasa bamba likachoka. Mwingine angerudishia mistari ileile auze tena, lakini Rembrandt alikwangua watu kibao akawafuta, akaingiza mpanda farasi mwenye kofia ndefu aliyemtoa kwenye medali ya Pisanello, Mwitaliano wa karne ya 15, halafu akashusha mistari mirefu toka juu mpaka chini hadi mmoja wa wale wahalifu akakaribia kupotea kabisa. Zuum upande wa kulia uone, mistari imepigwa kwa nguvu, inapita juu ya miili ya watu bila huruma.

Wapo wanaosema hapo kaiharibu, na mi sikubali hata kidogo. Someni Luka 23, giza nchi nzima toka saa sita mpaka saa tisa mchana, hali hiyo nani angemuona mwenzie vizuri? Ukiitazama hatua ya nne unakuwa mle ndani ya yale masaa matatu, hujui nani yuko wapi, nani analia nani anakimbia, na Yesu peke yake ndo jicho linamrudia. Yani kuthubutu kufuta kazi ambayo tayari ilikuwa imekamilika, hicho ndo kinachonifanya nimheshimu.

Rijksmuseum, lile jumba la makumbusho la Amsterdam, wameweka picha bure mtandaoni, fungueni hatua ya mwanzo na hii ya nne mlinganishe, ila mkuze, ikiwa ndogo giza linaonekana kama wino umemwagika tu. Na mlioko Ulaya mkifika Amsterdam, nyumba aliyokaa pale Jodenbreestraat siku hizi ni makumbusho, wanaonyesha live jinsi bamba linavyopakwa wino, linafutwa, linapitishwa kwenye mashine. Nendeni mkaone.