Pai yangu imeliwa angani

Jamani, kabla hamjaendelea kucheka huko kwenye grupu, nisikilizeni na mimi. Huyo rafiki yangu kawaambia nimeporwa na tai. Mwongo! Angekuwa tai ningetamba nayo mpaka harusini. Alikuwa mwewe. Huyu huyu mwewe wa vifaranga.

Asubuhi yote ndani ya Kruger, ile hifadhi ya wanyama ya Afrika Kusini, mtaalamu nilikuwa mimi. Tangu kambi ya Skukuza darubini shingoni, kidole angani. "Yule anayeruka akiyumba, uso mwekundu, mkia mfupi hadi miguu inauzidi, ni tai pungu." "Wale tumbusi wanasubiri hewa ipate joto ndiyo wapae." Hata dereva alianza kuniuliza mimi.

Tukasimama Tshokwane, ambako unaruhusiwa kushuka garini. Pana kibao kinakataza kulisha wanyama. Nilikisoma. Na mimi sikulisha, niliporwa.

Nikanunua pai ya nyama, ya moto, inafuka. Juu yetu mwewe anazunguka, nami nawasomesha wenzangu: tazameni mkia wake wenye panda, anavyoupinda huku na huku, ndio usukani wake huo. Wakatazama. Nikafumba macho, nikafungua mdomo, pai ikagusa meno.

(Hapa twende taratibu.)

Kwanza kivuli. Halafu upepo shavuni. Nikafumbua jicho moja, nikaona mdomo wa njano, karibu kuliko darubini ilivyowahi kunisogezea ndege yeyote. Kucha zikapita katikati ya vidole vyangu bila papara, kama kondakta anayekusanya nauli. Pai ikaondoka. Meno yangu yakagongana, ta! Nikabaki na karatasi.

Sauti iliyonitoka haikuwa ya mtaalamu. Ilikuwa ile ya uani kwa bibi: "Mweeewe! Mweeeewe!" Na kandambili nimeshaivua, nimeshairusha. (Wewe unayecheka, kwenu mlifuga kuku, najua.) Ikatua kwenye meza ya wazee wa watu, ikapindua chai. Mwizi wangu wala hakutua. Anakula huko huko juu, anapeleka mguu mdomoni, anamega, makombo yananidondokea mimi. Na wala si mwenyeji! Mwewe hawa hushuka kusini kila mwaka kuzaliana, kisha hao, kaskazini. Mgeni mwenzangu kabisa, huenda tulitoka naye huku huku kwetu.

Mengine haraka haraka: nikaomba radhi, nikalipia chai, kidole kikafungwa plasta, pai ya pili nikailia garini.

Jioni, karibu na kambi ya Satara, tai pungu akatua kwenye mti wa kando ya barabara, hatua chache tu. Wenzangu wameshusha vioo, wanapiga picha. Dereva akaniuliza kama anishushie na mimi.

Nikamwambia za wenzangu zitanitosha.