Mwacheni dada ashike chuma kimoja

Juzi gym nimeona kitu kikaniudhi mpaka leo. Dada mmoja alikuwa anapiga lanji (unapiga hatua ndefu mbele, kisha unashusha goti la nyuma) na chuma cha kilo 8 mkono wa kulia, maana cha pili kilikuwa na mtu. Mabega yake yalikuwa sawa, goti linashuka taratibu, ngumi ya mkono mtupu imekazwa. Kocha akamjia: "Dada, weka chini hicho, subiri upate pea, utapinda mgongo. Halafu lanji ni za miguu, tumbo tunafanya Jumamosi." Dada wa watu akatii, akaenda kukaa kwenye benchi.

Alikuwa anafanya zoezi bora kuliko yote niliyoyaona mle ndani jioni ile!

Ukishika vyuma viwili vya uzito sawa, cha kulia na cha kushoto vinasawazishana. Kiwiliwili kinabeba mzigo, ila hakivutwi upande. Shika kimoja kulia uone: kinakuvuta kulia, na misuli ya ubavu wa kushoto pamoja na ile ya ndani kando ya kiuno lazima ikaze usilalie upande huo. Na inakaza kwelikweli. Chuma kinaning'inia kama sentimita 30 kutoka uti wa mgongo, wakati misuli inayokipinga iko sentimita chache tu kutoka hapo, kwa hiyo inabidi ivute kwa nguvu inayozidi uzito wa chuma mara kadhaa. Aliyewahi kubeba ndoo ya lita 20 kwa mkono mmoja kutoka bombani anajua ni ubavu upi uliomuuma kesho yake. Sasa ongeza hatua ndefu, nyayo mbili kwenye njia nyembamba, mwili unapanda na kushuka. Na mguu wa kushoto ukiwa mbele, nyonga nayo inataka kudondokea kulia, hivyo misuli ya pembeni ya kalio la kushoto inaingia kazini. Yote hayo bila mtu kulala chali na kujikunja mara mia.

Kuinamisha kifua mbele wakati wa lanji ni habari nyingine: utafiti wa Farrokhi na wenzake wa 2008 ulionyesha kwamba kunaongeza kazi ya makalio na nyuma ya paja. Lanji ya kushika chuma juu ya kichwa waachiwe waliokomaa.

Haya, kocha ana hoja moja. Chuma kizito mno kitampinda mtu, na anayetaka mapaja makubwa atahitaji vyuma viwili, la sivyo ubavu utachoka kabla ya miguu. Lakini uzito ukizidi, punguza kilo! Kwa nini umnyime mtu zoezi zima? Wanaokuja gym kwa sababu ya mgongo ni wengi, na hao ndio wanaoambiwa wasubiri Jumamosi.

Mwenye magoti yanayosumbua aanze na lanji ya kurudi nyuma, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika chupa ya maji ya lita moja na nusu. Akizoea, aachie ukuta.