Mita ya stima haioni jiko la makaa

Mwezi wa pili wa kupima nilidhani nimepata nyumba ya kuigwa. Ilikuwa ghorofa ya nne, katika jengo la nyumba za bei nafuu hapa Kisumu ambalo nilikuwa nikilifuatilia pamoja na vijana wawili ninaowafundisha kazi ya stima. Familia ya watu sita, na mita yao ilikuwa imekula uniti 19 tu kwa mwezi mzima. Majirani wa watu wanne walikuwa wakivuka 40. Nikaweka nyota kwenye daftari, kando ya namba ya mlango wao.

Jumamosi iliyofuata nilipanda saa kumi na moja jioni badala ya asubuhi nilivyozoea. Nikamkuta mama wa nyumba ile ameinama kwenye korido, anapepea jiko la makaa kwa kipande cha katoni. Sufuria ya maharagwe juu, mlango wazi, moshi unaingia ndani, na mtoto mchanga amelala kwenye kochi hatua tatu kutoka pale.

"Gesi iliisha tarehe kumi na mbili, fundi," akaniambia. "Tukipata pesa tutajaza mtungi. Stima yetu ni ya taa na simu. Na wiki jana tokeni ziliisha, tukakaa giza siku nne."

Zile siku nne za giza ndizo nilizokuwa nimeziandika kuwa ufanisi. Nikaifuta nyota. Tangu hapo nina neno moja kwa kila anayejenga, anayefadhili na anayezisifu nyumba zinazotumia nishati kidogo: ukipima stima peke yake katika nyumba ya mtu mwenye kipato cha chini, utauchukua ukosefu wake na kuuita ubora wa jengo.

Wenzetu wa mbali walishakutana na hili kwa sura nyingine. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha uchambuzi wa nyumba takriban 3,400 za Ujerumani, wakaona kwamba kwa wastani wakazi walitumia nishati ya kupasha nyumba joto pungufu ya makadirio kwa asilimia 30 hivi. Nyumba ilipokuwa mbovu zaidi kwenye hesabu, ndipo pengo lilipokuwa kubwa, kwa sababu watu wenye nyumba inayovuja joto hupasha chumba kimoja na kuvaa sweta. Uingereza nako, mpango wa kitaifa wa kupima majengo mapya kati ya mwaka 2010 na 2014 ulikuta kinyume chake: nyumba zilizochorwa ziwe na matumizi madogo zilitoa kaboni mara 2.6 ya ile iliyokadiriwa, kwa wastani. Mitambo ilikuwa imefungwa vibaya, vidhibiti havikueleweka na wakazi, kazi ya ujenzi haikufuata mchoro. Huku pungufu, kule zaidi. Mchoro haukusema kweli mahali pote pawili, na hakuna ambaye angelijua hilo kama watu hawangerudi na vipimo baada ya familia kuhamia.

Sisi hapa Kenya tunajenga sasa hivi. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Pesa hiyo ni yetu. Majengo yake yatasimama miaka hamsini au zaidi, na yule mama atakuwa akilipia makosa ya dirisha au ya paa kila akinunua tokeni. Cheti cha EDGE, cheti cha kimataifa cha majengo yasiyofuja rasilimali ambacho wajenzi wengi wanakitafuta, hudai angalau asilimia 20 ya akiba katika nishati, katika maji na katika kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi. Ni jambo zuri na ninaliunga mkono. Ila hesabu hiyo hufanywa kwa mchoro na ukaguzi wa ujenzi, kabla maharagwe hayajainjikwa.

Ngoja nikuonyeshe dirisha, kwa maana hapo ndipo nilipojifunza mengi kuliko kwenye mita.

Kisumu, mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na ziwa liko upande wetu wa magharibi. Kwa hiyo dirisha linalopokea upepo ndilo linalopigwa na jua la saa tisa na saa kumi. Mchoraji wa jengo lile aliliona hilo. Aliweka kivuli cha zege juu ya kila dirisha la magharibi, akaweka dirisha jingine upande wa pili ili upepo upite katikati. Kwenye karatasi nyumba inapumua usiku kucha na zege linapoa. Kazi safi kabisa.

Lakini jua likizama mbu wanaamka, na ukanda huu wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu yoyote ya Kenya. Saa kumi na mbili na nusu utasikia madirisha yakifungwa mlango kwa mlango, pa! pa! pa! kama mtu anayepanda ngazi. Na saa hizo ndizo zege la juu, lililochomwa tangu asubuhi, linaanza kurudisha joto ndani. Tulikuwa tumetundika vipimajoto vidogo vinavyojiandikia kila nusu saa. Usiku mmoja wa Februari, saa nne, ghorofa ya chini ilikuwa nyuzi 27 na ya nne ilikuwa 31. Feni inazunguka hadi alfajiri kwa aliye nayo. Asiye nayo anatandika mkeka sakafuni.

Kilichokosekana ni wavu wa mbu dirishani. Haukuwa kwenye orodha ya vifaa kwa sababu kwenye hesabu za nishati wavu si kifaa cha nishati. Tulipoweka wavu kwenye nyumba mbili za juu, vipimajoto vilionyesha nafuu ya kama nyuzi 2 saa zile zile, na feni ya nyumba moja ikaanza kuzimwa kabla ya usiku wa manane. Nyumba mbili ni chache, sitajenga sera juu yake. Lakini nimeacha kabisa kuliita dirisha njia ya hewa kabla sijamuuliza anayelala karibu nalo analifunga saa ngapi na kwa nini.

Pampu nitaigusa tu. Mita ya pamoja ya jengo, inayobeba taa za ngazi na pampu ya maji, ilikuwa inakula kuliko tulivyotarajia, na gharama hiyo inagawanywa kwa wapangaji wote. Kijana wangu mmoja akaamua kuisoma saa nne usiku na tena saa kumi na moja alfajiri, wakati watu wamelala. Ilikuwa imetembea karibu sawa na mchana. Boya la tangi la juu lilikuwa limekwama, maji yanamwagika kwenye bomba la kutolea maji yaliyozidi bila mtu kuona, na pampu inasukuma usiku kucha. Fundi wa bomba alimaliza kazi kwa nusu saa. Bila kusoma mita usiku, wapangaji wangeendelea kulipia maji yanayoingia mtaroni.

Nakuru maswali ni mengine, na ndiyo maana nakataa mchoro mmoja kunakiliwa nchi nzima. Mji ule uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, sisi tuko kama 1,130. Huko usiku ni baridi na kinachokula stima ni maji ya kuoga. Shawa ya umeme ya kilowati 5 ikiwaka dakika 6 inakula nusu uniti. Watu watano wakioga hivyo kila siku, mwezi unaisha na uniti 75 zimepita bafuni peke yake, na Aprili 2023 bei nafuu zaidi ya stima iliwekwa iishie kwenye uniti 30 kwa mwezi. Kanuni za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yatumie jua kuyapasha. Katika nyumba za ghorofa za Nakuru, hilo ndilo ningelipima kwanza: je, maji ya jua yanafika mpaka nyumba ya mwisho yakiwa moto, au watu wanaifungua shawa kwa sababu bomba ni refu na maji yamepoa njiani?

Kuna jambo linaloniuma. Miaka kadhaa nyuma nilisaidia kufunga vipimo katika jengo jingine, mkoa huu huu. Waliotuajiri walichukua takwimu za miezi kumi na minne, na hadi leo wapangaji hawajaonyeshwa hata namba moja ya nyumba zao. Tuliingia vyumbani mwao, tukawauliza wanapika nini na wanalala saa ngapi, kisha tukaondoka na majibu. Sitafanya hivyo tena.

Kwa hiyo safari hii kila nyumba ilipata karatasi yake, kwa Kiswahili na kwa Dholuo: stima, makaa, gesi, joto la usiku, vyote kwenye ukurasa mmoja. Mkutano ulifanyika chini, kwenye maegesho. Yule mama wa ghorofa ya nne aliisoma yake mara mbili, akauliza mbona safu ya makaa imejumlishwa kwa debe wakati yeye hununua kwa kopo la shilingi hamsini. Alikuwa sahihi. Nilimkokotolea hapo hapo kwa kopo, na ikaonekana kwamba mwezi ule makaa yalimgharimu zaidi ya kujaza mtungi mdogo wa gesi, mtungi ambao hakuweza kuujaza kwa sababu pesa yote ilihitajika siku moja. Mpangaji wa ghorofa ya pili akauliza kama wanaweza kuchanga wawe wakijaziana mitungi kwa zamu. Waliendelea kulipanga hilo kwa Dholuo huku mimi nikikunja nyaya. Februari ijayo tutapima tena, na safari hii mizani ya makaa itakuja pamoja na vipimajoto.