Hidaya alikuja, shemeji

Juzi nimekaa kijiweni na shemeji yangu, kahawa mkononi, redio inasoma utabiri wa mvua za masika, mara jamaa kaanza kucheka mpaka kahawa ikamwagikia kwenye kanzu. "Hawa si ndio waliotuambia kimbunga Hidaya anakuja? Hidaya mwenyewe yuko wapi?" Benchi zima likaangua kicheko, na muuza kahawa naye akachomekea eti Hidaya anayemjua yeye anakaa Mbagala na ana deni lake la vitenge.

Nilicheka na mimi, sikatai. Ila nilivyorudi nyumbani ikanikaa rohoni, maana huyu shemeji ninayemsema, Mei 2024, alilala Somanga usiku tatu chini ya Fuso lake. Fuso limejaa nazi, mbele barabara imekatwa na maji, nyuma foleni ya mabasi ya Lindi na Mtwara, akina mama na watoto wamekaa pembeni ya lami hawajui wanakula nini, na yeye anapasua nazi za bosi anagawa bure kwa sababu zitaoza tu. Alinipigia usiku wa pili simu ikiwa na asilimia 4 ya chaji, sauti imekauka. Wenye mafuta na roho ngumu walizungukia Songea. Sasa leo mtu huyohuyo, kwa mdomo huohuo, ananiuliza Hidaya yuko wapi. Alikukalia kichwani, shemeji!

Najua shida ilianzia wapi. Aprili 2021 tulitangaziwa kimbunga Jobo, mji mzima wa Dar ukajifungia, watu wakanunua mishumaa, halafu Jobo akafia baharini, kilichofika ni mvua ya kuloweshea nguo kwenye kamba. Memes zilitengenezwa wiki nzima. Kwa hiyo Hidaya alipotangazwa watu walikuwa tayari na vicheko vyao, boti za Zanzibar zikasimamishwa tukanuna, na usiku wa tarehe 4 Mei ilipotangazwa kwamba kimbunga kimeingia Mafia na nguvu zimeisha, kila mtu akaandika "si tulisema". Wakati huo Kilwa ilikuwa imepata zaidi ya milimita 200 za mvua ndani ya saa 24, na Mei nzima pale kwa kawaida haifiki hata 100. Upepo ndio uliokufa. Maji yalikuwa yanakuja bado, tena usiku.

Halafu hili la "walikosea" linanichosha. Shemeji kila Jumamosi anatengeneza mkeka wa kubeti. Timu ina odds 1.20, iko nyumbani, inafungwa mbili bila, mkeka unachanika, na sijawahi hata siku moja kumsikia akisema odds ni uongo. Anasema mpira unadunda. Sasa na hewa nayo inadunda! Watabiri hawaendeshi kompyuta mara moja wakasoma jibu, wanaiendesha mara nyingi, kila mara wanabadilisha kidogo tu hali ya kuanzia, joto hapa, upepo pale, halafu wanaangalia njia ngapi zimeelekea Mafia, ngapi zimeelekea Msumbiji, ngapi zimefifia njiani. Ukiambiwa jiandae maana yake njia nyingi zimekuja kwako. Ile iliyofifia nayo ilikuwemo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye kinachonikereketa hasa. Kuna mzee anaitwa Kerry Emanuel, profesa mstaafu wa chuo cha MIT kule Marekani, maisha yake yote amefanya kazi ya vimbunga. Agosti 2005 alitoa utafiti kwenye jarida la Nature akasema nguvu ya uharibifu ya vimbunga imepanda sana tangu miaka ya 70, wenzake wengine wakambishia, na mwezi haujaisha Katrina ikaizamisha New Orleans. Ila mimi sio hiyo iliyonivutia, mimi imenivutia janja aliyoibuni. Modeli kubwa za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazoigiza hewa na bahari ya dunia nzima, zinaikata dunia vipande vipande, kila kipande kwa miaka mingi kimekuwa na upana wa kama kilomita 100, na jicho la kimbunga mara nyingi halifiki hata nusu ya hapo. Yaani ni kama kuvua dagaa kwa jarife. Kimbunga kinapita katikati ya wavu modeli inabaki na upepo mzuri wa jioni. Na ukitaka matundu madogo unahitaji kompyuta ya bei ya kununua bandari.

Alichofanya yeye na wenzake ni kuchukua hali ya jumla kutoka kwenye modeli kubwa, joto la bahari, pepo za juu na za chini, unyevu, halafu wakamwaga mbegu. Mbegu yenyewe ni kizunguzungu kidogo dhaifu cha upepo, wanakitupa popote baharini bila kuchagua, wanakiacha kibebwe na pepo huku modeli nyingine ndogo ikihesabu kinapata nguvu kiasi gani. Nyingi zinakufa, kama mbegu za mahindi zilizotupwa barabarani. Chache zinapata bahari ya moto na pepo zisizowavuruga zinakuwa vimbunga kamili. Ukirudia hivyo unapata maelfu ya vimbunga ambavyo havijawahi kutokea ila vingeweza kutokea, halafu unakaa unahesabu vingapi vimepita kwenye mji wako. Baada ya kimbunga Harvey cha 2017 alipiga hesabu hiyo kwa Texas: mvua ya milimita 500 iliyotapakaa eneo kubwa, uwezekano wake kwa mwaka ulikuwa kama asilimia 1 mwishoni mwa karne iliyopita, na tukiendelea kuchoma mafuta hivihivi unafika asilimia 18 mwishoni mwa hii.

Hebu fikiria sasa kitu hicho kwa pwani yetu. Sisi tuna nini cha kuhesabia? Tuna kimbunga cha Zanzibar cha Aprili 1872, kilichovunja majahazi ya Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika ndio ikashika ufalme wa karafuu mpaka leo. Tuna cha Lindi cha Aprili 1952. Halafu Hidaya. Hapo katikati ni miaka 80, kisha 72. Kwa kumbukumbu za namna hiyo hata bibi yangu hawezi kukupa uwezekano wa kitu, na bibi ana jibu la kila kitu. Ndio maana mtu akisimama kwenye kikao akasema "tangu nizaliwe sijaona" watu wanatikisa vichwa, mradi unapita, kalavati linawekwa la kipenyo cha ndoo mbili, na maji yakija yanapita juu yake na kuondoka na lami. Hao vimbunga elfu wa kwenye kompyuta ndio kumbukumbu pekee tunayoweza kuipata bila kusubiri miaka mingine 500.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba karibu na ikweta vimbunga havipendi kufika kwa sababu mzunguko wa dunia hauwapi ule msokoto, ndio maana watu wa Tanga wanalala usingizi. Sawa. Lakini Kenneth ya Aprili 2019 ilipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, wiki sita baada ya Idai kuimaliza Beira, na Msumbiji haikuwahi kurekodi vimbunga viwili vikali namna ile msimu mmoja. Na Freddy ya 2023 ilitoka upande wa Australia ikavuka bahari nzima, ikakaa siku 36, ikaenda kuua watu Malawi ambako hakuna hata bahari.

Nakubali pia kwamba taarifa zenyewe za watabiri zinaandikwa kama barua ya mirathi. Mvuvi anataka kujua atoe dau au asitoe, basi.

Ila modeli bila vipimo ni bure. Mwaka 2022 wataalamu wa World Weather Attribution, kundi linalopima joto la dunia limechangia kiasi gani kwenye majanga ya hewa, walichunguza mvua za vimbunga Ana na Batsirai kule Madagaska, Msumbiji na Malawi, wakasema ndiyo, joto la dunia limeiongeza mvua, lakini kwa kiasi gani hawakuweza kutaja, rekodi za mvua ni haba. Nilivyosoma hapo nikakumbuka shule yangu ya msingi. Tulikuwa na kisanduku cheupe cha mbao kwa ndani ya uzio, na pembeni kipimamvua cha shaba, mwalimu wa zamu anatoka saa tatu asubuhi anamimina maji kwenye chupa yenye mistari anaandika daftarini. Nilikuwa naona ni kazi ya kishujaa. Siku moja kipimamvua hakipo, kimeuzwa chuma chakavu, uzio ukawa zizi la mbuzi wa jirani, na mvua zote zilizonyesha pale tangu siku hiyo hazijulikani na mtu yeyote duniani. Leo rada zimeongezwa, hadi Mtwara ipo, hongera. Lakini rada inakisia, ile chupa ndiyo inayoiambia kama imekisia sawa. Na hao wanaonililia akili mnemba itatatua yote, nayo imefundishwa kwa vipimo vya zamani, mtaifundisha na nini, mbuzi?

Nilimweleza shemeji haya yote, mbegu, jarife, Texas, mpaka kahawa ya pili ikapoa. Akasikiliza kwa adabu kweli. Mwisho akauliza: "Kwa hiyo hiyo kompyuta inasema kinachofuata kinakuja lini?" Nikamwambia haisemi lini, inasema uwezekano. Akanitazama vile anavyowatazama trafiki, akatoa simu, akaendelea kujaza mkeka wa timu 9.