Kufupisha jaribio bila kupunguza kinachojaribiwa

Ndani ya msimbo wa Linux kuna saraka ya tools/testing/selftests/bpf. Humo yamo majaribio ya programu za eBPF, zile zinazopakiwa kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux; baadhi yake huamua hatima ya kila pakiti ya mtandao: ipite, itupwe, irudi ilikotoka au ielekezwe kiolesura kingine. Majaribio mengi ya mtandao, likiwemo la XDP (njia ya kuendesha programu hizo mara pakiti inapofika kwenye kiolesura) iliyoingia kwenye kerneli 4.8 mwaka 2016, yalianza yakiwa skripti za sheli, yaani faili za amri. Skripti hizo zimekuwa zikihamishwa moja moja kwenda lugha ya C, ndani ya programu iitwayo test_progs, na sababu inayotolewa mara nyingi ni kurahisisha. Anayekagua mabadiliko ya aina hii lazima ajiulize ni kitu gani hasa kimerahisishwa.

Wanaorahisisha wana hoja nzito. Mfumo wa kiotomatiki unaopima mabadiliko ya BPF huendesha test_progs. Skripti iliyobaki nje haiendeshwi mpaka mtu aikumbuke. Inaweza kuharibika ikakaa hivyo miezi mingi. Tena kila skripti ilijijengea mtandao wake upya: kuunda netns (mtandao uliotengwa ndani ya mashine), kuunganisha jozi ya veth (violesura pepe viwili vilivyounganishwa), kugawa anwani, kisha kufagia mwishoni. Ikikatika njiani, mabaki yake yanaweza kuliangusha jaribio lisilo na hatia. Vitendakazi vya pamoja kama start_server na connect_to_fd vimeondoa marudio mengi ya namna hiyo, na ASSERT_EQ, inayolinganisha thamani mbili, inapokosa hukuonyesha thamani iliyopatikana na iliyotarajiwa. Aliyewahi kukesha akitafuta ni ping ipi (pakiti ya kupima kama upande wa pili unafikika) kati ya kumi iliyoshindwa ataipenda tofauti hiyo.

Upande wa pili husikilizwa kidogo, na naona hautendewi haki. Skripti ni amri zilezile ambazo mhandisi wa mitandao huziandika kwa mkono. Akitafuta hitilafu, anainakili mistari kadhaa, anajenga mtandao uleule kwenye mashine yake na kuuchunguza kwa tcpdump, chombo cha kutazama pakiti zinazopita. Kwenye C, sehemu ya ujenzi huo imejificha nyuma ya vitendakazi vilivyo kwenye faili nyingine.

Hata hivyo, hofu yangu kubwa iko kwingine: mistari inayoonekana haina kazi. Chukua jaribio la XDP_REDIRECT, yaani uamuzi wa kuelekeza pakiti kiolesura kingine. Kuna netns mbili za pembeni, kila moja ikiunganishwa na katikati kwa jozi ya veth, na programu ya katikati inaelekeza pakiti kutoka jozi moja kwenda nyingine. Kule pembeni nako kumepakiwa kijiprogramu ambacho kazi yake yote ni kurudisha XDP_PASS, yaani pakiti ipite. Anayesafisha akikiona atasema ni takataka. Lakini veth haipokei fremu zilizoelekezwa kwa XDP mpaka upande wa mpokeaji uwe umewasha NAPI (utaratibu wa kerneli wa kupokea pakiti kwa mafungu), na kupakia programu ya XDP pale ni njia mojawapo ya kuiwasha. Nyingine ni kuwasha GRO, inayounganisha pakiti ndogo kuwa kubwa. Ukikifuta bila kujua hilo, pakiti zinapotea kimya.

Hapo angalau jaribio litashindwa na kosa litaonekana. Balaa ni pale jaribio linapotarajia pakiti isifike. Tuseme linapima XDP_DROP (pakiti itupwe) kwa kuhakikisha ping inashindwa. Mtu akiurahisisha ujenzi wa mtandao akasahau kuwasha kiolesura kimoja, ping itashindwa vilevile, na jaribio litapita hata kama programu yenyewe haijapakiwa. Ndiyo maana mimi huanza ukaguzi kwenye mistari inayosema "lazima ishindwe", kisha natafuta ping ya kwanza, ile inayofaulu kabla programu haijapakiwa. Ikiwa mabadiliko yameifuta kwa kisingizio cha marudio, siyakubali.

Kuna pia mjadala wa sleep, amri ya kusubiri muda fulani. Kuiondoa kwenye jaribio ni jambo jema, maana sekunde moja moja zikijumlika zinamchelewesha kila mtu. Ila mara nyingi ile ya baada ya kugawa anwani ya IPv6 ilikuwa ikiingoja kerneli ihakikishe hakuna mwingine anayeitumia anwani hiyo. Ukiifuta tu, jaribio litapita leo na kuanguka kesho. Ukiifuta na kuongeza nodad (neno linaloiambia kerneli iache ukaguzi huo) kwenye anwani, umerahisisha kweli. Tofauti ni neno moja, na mkaguzi anayepitia haraka haioni.

Wengine hupendekeza kuuacha mtandao kabisa na kuipa bpf_prog_test_run_opts, kitendakazi kinachoiendesha programu bila mtandao, pakiti iliyotengenezwa kwa mkono. Kwa programu inayosoma vichwa vya pakiti na kutoa uamuzi, naunga mkono bila kusita. Kwa inayotegemea tabia ya kiolesura, kama ile ya veth, kupokea jibu sahihi la programu hakutoshi. Pakiti lazima isafiri.

Kwa hiyo nauunga mkono uhamisho, kwa sharti moja: mwandishi aonyeshe kwamba jaribio jipya bado linaweza kushindwa. Abadilishe XDP_DROP iwe XDP_PASS kwenye programu, aendeshe, abandike matokeo kwenye maelezo ya mabadiliko. Napenda pia uhamisho uje peke yake, upunguzaji uje katika badiliko linalofuata, na skripti ya zamani ifutwe mwisho. Watunzaji wengine hulalamika kuwa mpangilio huo unawazidishia vya kusoma, na ni kweli, wao ni wachache na foleni ni ndefu. Nikilazimika kuchagua, nitaukubali mfululizo uliobanwa kuwa badiliko moja, lakini yale matokeo ya jaribio likishindwa nitayadai palepale.