Natafuta Cheche, Mzee

Pikipiki yangu ni Honda CG125 ya zamani, ile ya platini (kiswichi kinachokata umeme ili cheche itoke), niliyoachiwa na baba mdogo alipostaafu ubwana shamba. Honda walianza kuitoa mwaka 1976 wakiwalenga watu wa nchi kama zetu, wanaokumbuka oili siku moshi ukibadilika rangi. Haifi kirahisi. Ila mwaka huu ilianza kumisi.

Na inamisi kwa ratiba. Asubuhi, hapa Muheza umande ukiwa bado kwenye majani, inakohoa, inaruka, inalipua baruti kwenye bomba mpaka mbuzi wanakata kamba. Kwenye mlima, ukiwa umepakia mtu, ndiyo usiseme. Mama mmoja niliyempa lifti alishuka mwenyewe njiani, akasema kibofu chake hakijamkosea mtu.

Nikiipeleka kwa fundi jua limeshapanda, inatulia kama mtoto mtundu mbele ya mwalimu mkuu. Lakini fundi wa kwetu hakubali mteja aondoke hivi hivi. Akabadilisha plagi. Akasugua platini kwa msasa, akapima mwanya kwa kipande cha pakiti ya sigara (kitabu kinataka milimita 0.3 hadi 0.4, na kusema kweli pakiti haikuwa mbali). Akafungua kabureta, akapuliza jeti kwa mdomo. Akaweka kondensa mpya. Mwisho akatangaza kwamba petroli ina maji. Ukishaambiwa petroli ina maji, jua fundi kaishiwa.

Mimi nikakaa nikajiuliza: petroli inajuaje kama leo kuna umande? Anayejua unyevu ni umeme. Koili inapeleka kwenye plagi maelfu ya volti, na volti hizo hazina subira. Zikikuta ufa wenye unyevu njiani, zinakatiza kwenye bodi na plagi inabaki bila cheche. Na dawa ya kuzifuma wazee wa gereji wanaijua: ngoja giza, washa injini, nyunyizia maji kidogo kwenye waya wa plagi, utaona penye uvujaji panacheza rangi ya bluu.

Basi nikangoja giza. Kweli lilikuwa giza, mwezi haujatoka, saa saba usiku. Joto lilikuwa kali, kwa hiyo nilikuwa kifua wazi, nimejifunga msuli. Nikazima taa ya uani, nikawasha pikipiki silensa ikinong'ona, nikachukua chupa ya maji niliyoitoboa kizibo. Nachuchumaa, nanyunyiza, nahamia upande wa pili, nanyunyiza tena. Midomo nayo haikutulia: "Toka basi. Toka nikuone."

Ikatoka. Kauzi ka bluu, kembamba, kanatambaa kutoka kwenye kofia ya plagi mpaka kwenye mapezi ya silinda, tik, tik, tik. Furaha ikanizidi. Nikapiga kelele: "Nimekuona! Leo umekwisha!"

"Nani kaisha?"

Tochi ya ulinzi shirikishi ilikuwa inanimulika mgongoni. Mzee mmoja mwenye kofia ya kito na vijana wawili wenye marungu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuuliza, nani kaisha?"

"Hakuna mtu, mzee. Natafuta cheche. Umeme unavuja."

Akamulika juu, akamulika kulia na kushoto. "Hapa kwako hata nguzo haijafika. Umeme upi?"

Taa ya uani ilikuwa ya sola, sikuwa na la kujibu hapo. Nikamwambia umeme ni wa pikipiki, asogee nimwonyeshe. Akasogea, akainama. Tatizo ni kwamba tochi ilikuwa inawaka, na mwangani cheche haionekani.

"Mzee, ukizima tochi ndiyo utaiona."

"Nizime tochi?"

Hapo nyuma kijana mmoja alikuwa ameshafika katikati ya Ayatul Kursi. Nami nikitazama mikono yangu, chupa ya maji hii hapa, msuli unataka kufunguka, naona kabisa kesi inavyojijenga.

"Mimi sizimi kitu," mzee akasema. "Hicho unachokinyunyizia ndiyo hiki?" Kabla sijamzuia, kidole kikatua kwenye kofia ya plagi.

Mzee aliruka kwa namna ambayo umri wake ulikuwa umeshaikataza. Tochi ikaenda kwake, kofia ikaenda kwake. "Astaghfirullah!" Vijana niliwasikia tu wakivunja migomba. Pikipiki ikaendelea kunguruma, haina habari. Nilimkalisha kwenye msingi, akaomba maji. Nikamnyooshea chupa niliyokuwa nayo mkononi. Akasema kiu imeisha.

Asubuhi nikanunua kofia mpya ya plagi. Nikakata ncha ya waya iliyokuwa imeota kutu ya kijani, nikaizungusha kofia mpaka ikauma vizuri, nikaimwagia maji kopo zima. Haikumisi hata mara moja. Ndipo jirani yangu muuza maandazi akaingia, akafunga geti nyuma yake.

"Mdogo wangu, hiyo ya kumrusha mtu, inafaa kwenye banda la kuku? Wananimalizia wezi."

Nikamweleza habari za koili, ufa na umande. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaokota ile kofia mbovu chini, akaifunga kwenye pindo la kanga na kuniachia maandazi ya moto.

"Nimekuelewa," akasema. "Sasa kinanyunyiziwa usiku tu, au na mchana?"