Hisa Zangu, Mgombea wa Mkurugenzi

Mtu anaponunua hisa za kampuni ya umeme, anachowakabidhi wakurugenzi ni mtaji wa kuzalisha umeme na kumletea gawio. Hakuwakabidhi kura yake. Hata hivyo, nchini Marekani, tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Citizens United mnamo Januari 2010 kwa kura 5 dhidi ya 4, kampuni inaweza kutumia fedha za hazina yake bila kikomo kumpigia debe au kumpinga mgombea, mradi isiratibu matumizi hayo naye.

Sibishani hapa na uhuru wa kampuni kusema. Ninachobishana nacho ni faraja ambayo Jaji Anthony Kennedy, mwandishi wa hukumu hiyo, alimpa mwanahisa asiyekubaliana na matumizi hayo: kwamba taratibu za demokrasia ndani ya kampuni zitamwezesha kurekebisha mambo, na kwamba intaneti itamwonyesha upesi fedha zimekwenda wapi. Faraja hiyo inadai mwanahisa aone na aweze kuamua, na mpaka leo hana uhakika wa lolote kati ya hayo mawili.

Kampuni ikipitisha fedha katika chama cha wafanyabiashara, au katika asasi ambayo sheria haiilazimishi kuwataja wafadhili wake, mwanahisa anaweza kuisoma taarifa ya mwaka yote asikute dalili yoyote. Mwaka 2011 wanazuoni 10 wa sheria waliiomba SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa, itunge kanuni ya kuzilazimisha kampuni kutangaza matumizi yao ya kisiasa. Maoni ya umma yalizidi milioni moja, lakini tume ililiondoa jambo hilo kwenye ajenda yake, na mwishoni mwa 2015 Bunge likaingiza katika sheria ya bajeti kifungu cha kuizuia kukamilisha kanuni ya namna hiyo.

Gharama ya giza hilo ilionekana Ohio. Mwaka 2021 kampuni ya umeme ya FirstEnergy ilikiri kulipa mamilioni ya dola kwa asasi iliyodhibitiwa na Larry Householder, aliyekuwa spika wa baraza la wawakilishi la jimbo, ili ipitishwe sheria ya kuokoa vinu viwili vya nyuklia. Householder alifungwa miaka 20, kampuni ikatozwa dola milioni 230, na wanahisa, ambao hawakuwahi kuulizwa, waliyajua hayo kutoka kwa waendesha mashtaka. Najua ile ilikuwa rushwa, si mchango halali. Lakini mfereji uliopitisha fedha ulikuwa wa aina ileile inayotumika kihalali, na ndiyo maana haukumshtua mtu mapema.

Kuhusu kuamua, mwanahisa anaweza kupeleka azimio katika mkutano mkuu wa mwaka, ila hata likipata kura za wengi, kwa kawaida hubaki kuwa ushauri. Wapo wanaosema asiyeridhika auze hisa zake. Je, mfanyakazi ambaye akiba yake ya uzeeni imo katika mfuko unaonunua hisa za mamia ya kampuni kwa pamoja atauza nini?

Uingereza ilichagua njia nyingine mwaka 2000, na leo Sheria ya Kampuni ya 2006 inawataka wakurugenzi wapate ridhaa ya wanahisa kabla michango ya kisiasa haijazidi pauni 5,000 katika miezi 12. Wakikiuka, wanawajibika kuirudisha fedha hiyo kutoka mifukoni mwao. Napenda hasa hapo penye mifuko yao. Kasoro yake ni kwamba azimio moja linaweza kudumu miaka minne, kwa hiyo kampuni nyingi huomba ruhusa pana ya tahadhari huku zikisema hazina nia ya kumchangia yeyote, na wanahisa huipitisha bila mjadala. Ningependelea kura ya kila mwaka, yenye kiasi na jina la mpokeaji, na fedha zinazopitia vyama vya wafanyabiashara zihesabiwe humo humo, kwa sababu zikiachwa nje, ndiko zote zitakakohamia.